Sura ya Nne: Pale Mwandishi Aliposimama

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 1897, maji yalianza kujaa katika chumba cha injini cha meli ya Commodore, nje ya pwani ya Florida. Meli hiyo iling'oa nanga Jacksonville siku ya mkesha wa mwaka mpya, ikiwa na shehena ya bunduki na risasi za wapiganaji wa Cuba waliokuwa vitani na Hispania. Kabla haijatoka mtoni ilipanda fungu la mchanga, ikavutwa, ikapanda tena. Sasa pampu zilikuwa zimeshindwa kuyatoa maji, na kulipopambazuka meli ikazama. Miongoni mwa waliokuwemo ni mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 25, Stephen Crane, aliyekuwa njiani kwenda kuripoti vita hivyo.

Crane alinusurika katika kidau chenye urefu wa futi 10, yaani mita tatu hivi. Alikuwa na watu watatu: nahodha Edward Murphy, aliyekuwa ameumia mkono, mpishi Charles Montgomery, na William Higgins, ambaye kazi yake melini ilikuwa kutia mafuta mitambo ya injini. Walikaa baharini saa 30 hivi. Waliuona mnara wa taa wa Mosquito Inlet, wakauona na ufuko wenyewe, lakini mawimbi yaliyokuwa yakivunjika karibu na nchi kavu yaliwazuia kutua. Tarehe 3 waliamua kuyakabili. Kidau kilipinduka karibu na Daytona. Watatu walifika wakiwa hai. Higgins alikufa mawimbini.

Tarehe 7 Januari taarifa ya Crane ilitoka katika gazeti la New York Press. Karibu yote inahusu kuzama kwa meli. Zile saa 30 za kidau zimepitiwa haraka sana. Mwezi Juni mwaka huohuo, jarida la Scribner's Magazine likachapisha hadithi yake fupi, "The Open Boat". Humo mambo yamegeuka: meli imeshazama, na tangu mstari wa kwanza tumo kidauni.

Sura hii inafuata njia hiyo, kutoka kwenye jambo lililompata mtu mwilini hadi kwenye hadithi aliyoiandika baadaye, katika kazi chache za Marekani ambazo zimesomwa kwa zaidi ya miaka mia moja au karibu yake. Hoja yangu ni kwamba mahali humpa mwandishi kitu kikubwa kuliko mandhari. Humpa kanuni: kipi hutangulia kipi, mwili unaweza nini, unashindwa wapi. Tena humwekea mpaka, kwa kuwa kila mtu huona kutokea pale aliposimama. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Msomaji makini ana haki ya kuuliza zaidi: ilimnyea akiwa wapi?

Inchi sita juu ya maji

Katika hadithi ya Crane hakuna mtu mwenye nafasi ya kulitazama anga. Macho yote yako kwenye mawimbi, kwa sababu ukingo wa kidau uko inchi sita tu juu ya maji, na kila wimbi linalokuja linatosha kukijaza. Pwani huonekana pale kidau kinapopanda mgongo wa wimbi. Kikishuka, mbele yao ni ukuta wa maji tu. Aliyeketi ufukoni akiandika kuhusu bahari angeanza na upana wake. Crane alianza na kimo cha jicho la mtu aliyekaa chini kabisa, magoti yakiwa yamelowa.

Tazama namna wanavyopokezana makasia. Mpishi anafua maji. Nahodha amelala sehemu ya mbele, akitoa maelekezo. Wapiga makasia ni wawili, mwandishi wa habari na yule fundi wa mafuta, na kubadilishana nafasi peke yake ni jambo la hatari. Aliyeketi nyuma hutambaza mkono kwenye ubao wa kukalia, halafu husogeza mwili taratibu kuufuata. Mwenzake naye husogea upande wa pili. Wanapishana kwa uangalifu mkubwa, wote wanne wakilikodolea macho wimbi linalofuata, nahodha akiwaonya. Huwezi kulipata jambo la namna hii kwa kusoma kitabu cha mabaharia. Viganja na magoti ndivyo vilivyolijua kwanza, usiku, katika uchovu ambao kosa moja lingewaua wote.

Kuna pia watu wa ufukoni. Mmoja anaonekana akipunga koti lake, akilizungusha hewani. Wale wanne wanabishana: anatuambia twende kaskazini? Anadhani tumetoka kuvua kwa starehe? Hawapati jibu, na hadithi haitoi jibu. Crane angeweza kumsogelea yule mtu na kutuambia alichokuwa akiwaza. Hakufanya hivyo. Siku ile hakujua, na hadithi ikabaki na kutojua kwake. Ndiyo maana lile koti linalozungushwa linaumiza kuliko maelezo yoyote.

Mwisho nao haukupambwa. Fundi wa mafuta, mwenye nguvu kuliko wote, aliyeogelea mbele ya wenzake kuelekea ufukoni, ndiye anayekutwa amekufa kwenye maji mafupi. Nahodha mwenye mkono mbovu anaokoka. Mpishi anaokoka. Katika hadithi nzima ni marehemu huyo peke yake aliyepewa jina, Billie. Mtunzi aliyebuni yote kichwani angeona haya kumuua mtu aliyestahili kuishi bila kutoa sababu. Bahari ya Daytona haikutoa sababu, na Crane hakuitungia.

Hesabu ya vidole

Julai ya mwaka huohuo, kijana wa California mwenye umri wa miaka 21, Jack London, alipanda meli pamoja na shemeji yake kwenda kutafuta dhahabu Klondike, kaskazini magharibi mwa Kanada. Polisi wa Kanada walimtaka kila mchimbaji aingie na chakula na vifaa vya mwaka mzima, mzigo uliokaribia tani moja. Watu waliupandisha katika njia ya mlima ya Chilkoot kwa migongo yao, kidogo kidogo, wakipanda na kushuka mteremko uleule. London alikaa majira ya baridi katika kibanda cha magogo karibu na mahali mto Stewart unapoingia mto Yukon, na aliandikisha eneo la kuchimba kwenye kijito cha Henderson. Dhahabu ya maana hakupata. Alichopata ni kiseyeye, kwa kukosa vyakula vibichi, na mwaka 1898 akateremka mto Yukon kwa mashua kurudi kwao.

Magogo ya kibanda kinachoaminika kuwa chake baadaye yaligawanywa, yakajengwa vibanda viwili: kimoja Dawson, Kanada, kingine Oakland, California. Wageni huenda kuvitazama. Lakini anayetaka kujua London aliondoka na nini Klondike, asome "To Build a Fire".

Mtu asiye na jina anatembea peke yake, na mbwa nyuma yake, akifuata njia ya kijito cha Henderson kuelekea kambini kwa wenzake. Baridi ni nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, karibu nyuzi 59 chini ya sifuri kwa Selisiasi. Mate yake yanapasuka hewani kabla ya kufika chini. Kijito kimeganda mpaka chini kabisa, lakini chemchemi zinazotoka vilimani hazigandi. Maji yake hupita juu ya barafu, chini ya theluji, yakafunikwa na utando mwembamba. Asiyeyajua hayo hupita kama barabarani. Mtu wetu anayajua, anachunga, na bado anazama miguu yote miwili hadi nusu ya njia ya kufika magotini.

Kuanzia hapo hadithi yote ni hesabu. Miguu iliyolowa katika baridi hiyo lazima ikaushwe mara moja. Kuikausha kunahitaji moto. Moto unahitaji kiberiti, na kiberiti kinahitaji vidole vilivyo wazi. Vidole vikitolewa kwenye glavu hufa ganzi kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo kila anachofanya ili aishi kinampunguzia uwezo wa kuishi.

Moto wake wa kwanza anauwasha vizuri, chini ya mti wa jamii ya msonobari, kwa kuwa pale ni rahisi kuvuta vijiti vikavu na kuvitia motoni. Matawi ya juu yamebeba theluji ya wiki nyingi. Kila kijiti anachovuta kinautikisa mti kidogo, kiasi asichokihisi. Tawi moja la juu linamwaga mzigo wake, unaangukia tawi la chini, nalo linamwaga, mpaka theluji yote inaporomoka juu ya mtu na moto. Baadaye anajaribu tena. Vidole vimeshakufa, kwa hiyo anabana viberiti kwa viganja viwili, anaviwasha vyote 70 kwa pamoja, na anavishikilia huku nyama ya mkono wake ikiungua.

London aliwahi kuiandika hadithi hii kabla. Mwaka 1902 jarida la vijana, The Youth's Companion, lilichapisha toleo la kwanza. Humo mtu ana jina, Tom Vincent, hana mbwa, na anafika kambini akiwa hai, amejifunza kwamba katika baridi kali mtu hasafiri peke yake. Toleo la 1908, lililotoka katika The Century Magazine, ndilo linalosomwa leo, na humo mtu anakufa. Ukiyaweka matoleo hayo mawili pamoja unaona wazi mwandishi alikuwa huru wapi na alifungwa wapi. Jina alilitoa, mbwa akamleta, uhai akauondoa. Hesabu ya vidole, maji na moto iko katika matoleo yote mawili. Hiyo aliichukua Klondike, wala haikuwa yake kuibadilisha.

Mto wenye jina la mto mwingine

Tarehe 8 Julai 1918, Ernest Hemingway alijeruhiwa na bomu nchini Italia akiwa katika huduma ya Msalaba Mwekundu. Hakuwa ametimiza miaka 19. Mwaka uliofuata, majira ya joto yakielekea mwisho, alipanda treni na marafiki wawili mpaka Seney, kaskazini mwa jimbo la Michigan, wakavua samaki aina ya trauti katika mto Fox. Seney ulikuwa mji wa wakata miti. Ulishamiri mwishoni mwa karne ya 19, misonobari ikaisha, mioto ikapita, watu wakahama. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake baada ya safari, Hemingway alieleza jinsi alivyompoteza trauti mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona.

Miaka mitano baadaye, akiwa Paris, aliandika "Big Two-Hearted River", hadithi iliyotoka mwaka 1925. Mabadiliko aliyofanya ni mengi. Marafiki wawili wametoweka, amebaki Nick Adams peke yake. Mji wa Seney, uliokuwa bado una wakazi mwaka 1919, katika hadithi umeteketea wote. Hata mto wenyewe amebadilishiwa jina. Mto Two-Hearted upo kweli, lakini uko mashariki zaidi na unaingia Ziwa Superior, ilhali Fox unaelekea kusini na maji yake huishia Ziwa Michigan. Anayekwenda Two-Hearted na kitabu mkononi anatafuta maji yasiyokuwepo pale.

Kazi za mikono, hata hivyo, zimeachwa jinsi zilivyo. Nick anasawazisha ardhi, anang'oa mizizi, anatandika mablanketi, anafunga kamba kati ya misonobari miwili, anapigilia vigingi mpaka vitanzi vya kamba vinazama udongoni, na hema linakakamaa. Asubuhi anaokota panzi mapema, umande ukiwa bado kwenye nyasi, kwa sababu panzi mwenye baridi na majimaji hawezi kuruka. Anamshika trauti mdogo kwa mkono uliolowa kabla ya kumrudisha majini, kwani mkono mkavu huchubua utando unaomkinga samaki na ukungu. Halafu anampata trauti mkubwa mno, mshipi unakatika, naye inambidi akae chini atulie kwa kuwa mikono inatetemeka.

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1964, Hemingway alieleza kwamba hadithi hiyo inahusu kurudi kutoka vitani, na kwamba vita havikutajwa humo kwa makusudi. Hapa ndipo uvuvi unapofanya kazi ambayo maelezo yasingeifanya. Kila tendo lina tendo linalofuata, na mtu anayefuata mpangilio huo kwa umakini hana nafasi ya kukumbuka. Ndiyo maana Nick hana haraka, na ndiyo maana anapofika mahali mto unapoingia kinamasi, penye maji ya kina na mierezi iliyoinama, anaamua kutoingia siku hiyo. Vinamasi hivyo bado vipo. Tangu mwaka 1935 sehemu kubwa yake imehifadhiwa kama makazi ya ndege na wanyama. Mgeni anaweza kusimama ukingoni na kuona kwa nini mtu aliyetoka kujeruhiwa angesema hapa nitakuja siku nyingine.

Milima iliyotazamwa kutoka mtoni

Kuna hadithi moja inayoonekana kuipinga hoja yangu, nayo ni maarufu kuliko zote nilizozitaja. Washington Irving aliandika "Rip Van Winkle" mwaka 1818 akiwa Birmingham, Uingereza, na kuichapisha mwaka uliofuata. Rip analala miaka 20 katika milima ya Catskill, jimbo la New York. Wakati anaiandika, Irving hakuwa amekanyaga milima hiyo.

Alikuwa ameiona, lakini kwa mbali. Ujanani alisafiri kwa chombo cha matanga katika mto Hudson, na milima ile ikawa inaonekana upande wa magharibi. Fungua hadithi yake uone inavyoanza: inamwita yeyote aliyewahi kusafiri mto Hudson akumbuke milima hiyo, jinsi inavyobadilika rangi na umbo kwa saa na kwa hali ya hewa. Ni milima ya msafiri aliyeketi chomboni. Rip anapoingia milimani kwenyewe, mahali panakuwa pa ndoto: bonde lisilojulikana, wazee wa ajabu wanaocheza, kinywaji kinacholeta usingizi. Irving hakujifanya anajua njia za huko. Aliandika kwa uhakika kile jicho lake lilichokiona, na pale jicho lilipoishia aliweka muujiza. Hata aliyeikaribia milima kwa jicho tu alibaki mwaminifu kwa mahali alipokuwa.

Kitanda chini ya mlima

Desemba 1933 Hemingway aliteremka Mombasa pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson, kwa safari ya uwindaji iliyoongozwa na Philip Percival, mwindaji aliyekuwa akiishi Kenya. Januari 1934, wakiwa Tanganyika, aliugua ugonjwa wa kuhara damu kiasi cha kushindwa kuendelea. Ndege ndogo ilikuja kumchukua, ikampeleka Nairobi kwa matibabu, na njiani alipita karibu na Kilimanjaro.

Kutokana na hayo alipata "The Snows of Kilimanjaro", iliyochapishwa katika jarida la Esquire Agosti 1936. Harry, mwandishi aliyetupa kipaji chake, amelala kwenye kitanda cha kambi, mguu unaoza kwa sababu ya mchubuko wa mwiba uliopuuzwa. Anasubiri ndege. Nyasi zimerundikwa tayari kuwashwa ili moshi umwonyeshe rubani kiwanja. Tai wametua karibu, na fisi anapita usiku. Hata chui aliyekauka kwenye theluji, anayetajwa mwanzoni kabisa, hakubuniwa: mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alimkuta karibu na ukingo wa kasoko ya Kibo, na mahali hapo mpaka leo panaitwa Leopard Point.

Mwandishi ameijua vizuri kanuni ya mahali hapo. Jeraha lina mwendo wake, ndege ina mwendo wake, na mgonjwa aliyelala katikati hawezi kuharakisha kimoja wala kuchelewesha kingine. Kusubiri huko kumeandikwa kwa ukweli kwa sababu Hemingway alisubiri hivyohivyo, ingawa kwa ugonjwa mwingine na kwa mwisho mwema zaidi.

Sasa turudi kwenye lile swali la mvua ilimnyea akiwa wapi. Ilimnyea akiwa kitandani. Kwa hiyo wanaochota maji, wanaowasha moto, wanaoleta kinywaji wakiitwa, wanapita pembeni mwa hadithi kama wapitavyo pembeni mwa kitanda. Mmoja, Molo, anajulikana kwa kuitikia tu. Hatujui alilala saa ngapi, alimwaza nani, wala aliuonaje mguu ule. Katika kitabu chake cha safari hiyohiyo, Green Hills of Africa cha mwaka 1935, Hemingway alimpa mbeba bunduki M'Cola nafasi kubwa na heshima, maana huko porini walitembea bega kwa bega siku nzima. Tofauti kati ya M'Cola na Molo ni tofauti ya mahali mwandishi alipokuwa: mmoja alikuwa ubavuni mwake kazini, mwingine alikuwa nyuma ya hema.

Sisemi haya ili kuidharau hadithi. Naipenda, na naamini itasomwa muda mrefu. Nasema kwa sababu kila moja ya hadithi hizi inatufundisha jambo lilelile kwa njia yake: mahali hapamaliziki kwa mtu mmoja kusimama hapo na kupaandika vizuri. Fundi wa mafuta wa Commodore aliijua bahari ile kutokea chumba cha injini kabla Crane hajaijua kutokea kidauni. Kilimanjaro nayo inapandwa kila siku na wapagazi wanaojua jinsi mzigo wa kilo 20 unavyobadilika pumzi inapoanza kupungua, na nani hula mwisho kambini. Wana kanuni zao, wana mpangilio wao wa matendo, wana mambo ambayo viganja na magoti vimeyajua kabla ya kichwa. Wanayasimulia kwa Kiswahili tangu Marangu hadi Machame. Hadithi fupi ya mlima huo iliyoandikwa kutokea hapo walipo itakuwa na theluji ileile, njia ileile, na matukio ambayo mgonjwa aliyelala kitandani asingeweza kuyaona. Anayeweza kuiandika ni yule aliyebeba, au aliyekaa na waliobeba muda wa kutosha kujua kipi hutangulia kipi.